Mkono Niliouingiza Kwenye Rundo la Ndengu

Kama wewe ndiye umeumwa na nyoka sasa hivi, usisome haya. Nenda hospitali kwanza. Utayasoma ukiwa umelazwa, maana huko utalala sana na hutakuwa na kazi ila kuangalia dari.

Mimi si daktari. Nilisoma hadi darasa la nane kwetu Kibugu, nikachuma chai, nikaolewa. Sumu inafanya nini ndani ya damu, waulize waliosomea. Ninachojua ni vile mkono unavyokuwa ukiumwa na bafe, vile familia inavyokuwa, na vile kusubiri kulivyo. Ninaandika sasa kwa sababu mtu aliyenifikisha hospitali tulimzika wakati wa baridi uliopita, na tangu tumzike nimekuwa nikiongea naye jikoni peke yangu. Binti yangu Gicuku alinikuta hivyo akasema, "Mama, si uandike tu." Mtu huyo ni baba mkwe wangu, Mzee Nyaga. Hakufa kwa nyoka. Alikufa kwa kifua na kwa uzee, akiwa kitandani kwake, na alikuwa amekula.

Nyumbani kwetu ni chini ya Karurumo, huko barabara inakoteremka hadi unasikia hewa imebadilika. Kibugu tuna chai, ukungu, na msitu wa mlima juu yetu. Huku chini kuna ndengu, mtama, mbuzi na jua. Nilipoletwa kama bibi arusi nilikuja na masweta. Mama mkwe alipoyaona alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Alikuwa mwanamke wa kucheka. Nilipojifungua binti nikampa jina lake, kama inavyotakiwa, na nyumba ikawa na Gicuku mkubwa na Gicuku mdogo. Baadaye mkubwa akatuacha. Mume wangu Njeru alikuwa fundi wa mabomba Thika, anakuja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo bomani tulibaki mimi, mtoto anayeshinda shule, Mzee katika nyumba yake ndogo, mbuzi, na mbwa anayeitwa Polisi.

Ili uelewe yaliyotokea, lazima uelewe jambo moja. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe wana haya kati yao. Tunaiita nthoni. Haingii chumba chako cha kulala. Hakushiki, hata mkono wa salamu anaupitisha haraka. Hakugombezi wala hakuelekezi kazi uso kwa uso. Akiwa na neno analipitisha kwa mkewe. Si chuki, ni heshima. Wengine siku hizi wameiacha, lakini Mzee Nyaga hakuwa wa siku hizi. Mama mkwe alipofariki, njia ya maneno ilikatika. Mzee akafikiri, akatafuta njia nyingine. Akaanza kumwambia mbwa.

"Polisi," anasema akiwa kwenye kigoda chake, "hilo wingu si la mchezo, na nguo za watu ziko kwenye kamba." Mimi natoka, naanua nguo.

"Polisi, hii githeri ya leo imesahau chumvi."

"Polisi," nami najibu nikiwa jikoni, "mwambie chumvi iko mezani na yeye ana mikono."

Nasikia anacheka, kicheko chake cha kukohoa. Tuliishi hivyo vizuri sana. Sijui kama nimewahi kuishi na mtu kwa amani zaidi ya ile.

Ndengu za mvua ya vuli zilikomaa, na hayo ndiyo yalikuwa mavuno ya kwanza bila mama mkwe. Ndengu zikikauka unazing'oa na mashina yake, unaziweka marundo marundo shambani zizidi kukauka, halafu unazibeba hadi kwenye turubai kuzipiga kwa fimbo. Miaka yote mimi nilikuwa mtu wa turubai. Kubeba marundo ilikuwa kazi ya mama mkwe. Nilimwona kwa mbali akiyapindua na fimbo ndefu, anarudi nyuma, anasimama kidogo, ndipo anabeba. Nilidhani anapumzika. Na sisi watu wa juu, nyasi za ng'ombe tunazikumbatia. Unapiga goti, unazungusha mikono, unainua. Ndivyo nilivyolelewa.

Asubuhi hiyo Mzee alikuwa akifungulia mbuzi. Mbwa alikuwa shambani ananusanusa. Mzee akasema kwa sauti, "Polisi! Usiingize mwili kwa hayo marundo. Panya wakifuata ndengu, kuna anayefuata panya. Fimbo kwanza!"

Nikacheka. Kwa mara ya kwanza, nilidhani kweli anamwambia mbwa. Polisi mwenyewe alipita pale, akanusa lile rundo, akaenda zake kama hakuna kitu. Nami nikapiga goti, nikakumbatia.

Ilikuwa kama kupigwa nyundo nyuma ya mkono, kati ya kidole gumba na cha shahada. Sikuona kitu. Niliporuka nyuma ndipo nilimsikia, sauti kama gurudumu linalotoa upepo, na ndipo macho yakamtoa kwenye zile ndengu kavu. Alikuwa hapo wakati wote. Mnene kama mkono wangu, mfupi, rangi ile ile ya majani makavu. Hakukimbia. Alijaza upepo, akakunja shingo, akabaki mahali pake, kana kwamba mimi ndiye niliyetakiwa kuondoka.

"Wawira!"

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilisikia Mzee Nyaga akitaja jina langu. Nilikuwa Mama Gicuku, au nilikuwa mbwa. Alikuja mbio, na hakuwa mtu wa mbio. Akamwona nyoka, akanivuta mbali kwa upande wa shati.

"Tumuue?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"Achana na huyo. Kaa chini. Usitembee."

Nilikuwa nimevaa shati la Njeru la mikono mirefu kwa sababu ya vumbi la ndengu, limefungwa kifungo mkononi, na chini yake bangili ya shaba ambayo mama mkwe alinipa. Mkono ulikuwa umeanza kujaa. Mzee alijua bangili lazima itoke. Alinyoosha mikono yake, ikafika karibu na wangu, ikasimama hewani. Akatazama huku na huku, kama mtu anayetafuta mwanamke wa kumwita. Hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na mbuzi.

"Mama ya Gicuku," akasema, "unisamehe."

Akanishika. Akafungua kifungo, akaitelezesha ile bangili kwa mate yake mwenyewe, polepole, uso ameugeuzia upande wa kilima. Nilikuwa nalia kwa maumivu, na bado nakumbuka nilivyomwonea huruma.

Baada ya hapo akakosea. Alirarua kitambaa akanifunga juu ya kiwiko, akakaza kama anafunga mzigo, kwa sababu ndivyo alivyoona watu wakifanya tangu utoto. Huko mbele aliambiwa, na aliambiwa kwa ukali. Ninaandika ili wewe usiambiwe. Usifunge, usichanje na wembe, usipake kitu. Toa pete na bangili, tuliza mkono, nenda.

Pikipiki ilipatikana. Ningekaa peke yangu nyuma ya dereva ningeanguka, kichwa kilikuwa kinazunguka na nilikuwa natapika. Kwa hiyo Mzee alipanda nyuma yangu, akanizungushia mkono mmoja kiunoni, na kwa mwingine akaushika mkono wangu mgonjwa kifuani kwangu usitikisike. Baba mkwe amemkumbatia mke wa mwanawe, mchana, barabarani. Jirani mmoja alitusimamisha kwenye kona.

"Mzee Nyaga, kuna mtu ana jiwe la nyoka hapa karibu. Linavuta sumu yote! Mpeleke huko kwanza."

"Jiwe halina haraka," Mzee akasema. "Litatungoja."

Tulipofika sokoni wanawake wa nyanya waliacha kuuza wakasimama. Nilisikia mmoja akisema, "Ngai! Huyo si ni mke wa Njeru?" Dereva akapunguza mwendo, labda kwa adabu.

"Usisimame," Mzee akamwambia. "Waache waone."

Zahanati ya kwanza hawakuwa na dawa ya nyoka. Walikata kile kitambaa, wakanitundikia maji, wakatafuta gari la kutupeleka mbele. Ya hospitali kubwa nakumbuka benchi. Benchi la mbao, limekuwa laini kwa makalio ya watu. Ufizi wangu ulikuwa unatoa damu na nilikuwa natemea kwenye leso. Mkono ulikuwa kama kiwele cha ng'ombe ambaye hakukamuliwa, unang'aa, umekaza, na vidole vimetawanyika vyenyewe. Mzee aliulaza juu ya magoti yake, akaufunika na kofia yake ili watu wasiutazame. Sista akaja na kalamu.

"Mzee, wewe ni nani wa mgonjwa?"

Nilijua anatafuta neno. Neno la kweli lilikuwepo, lakini lingefanya kila mtu pale benchini ageuke atazame mkono wangu juu ya magoti yake.

"Ni mtoto wangu," akasema.

Dawa niliwekewa kwenye mshipa, chupa moja kisha nyingine. Nilivimba hadi kwapani. Malengelenge yalitoka, makubwa, yenye maji ya rangi ya chai ya rangi. Ngozi ya kidole cha shahada ikawa ya zambarau, halafu nyeusi, na weusi ule ukaanza kutembea kuelekea kifundo. Daktari alichora mstari na kalamu juu kidogo ya kifundo cha mkono wangu.

"Mama, nitakuambia ukweli," akasema. "Tunaangalia huu mstari. Weusi ukiupita, hatutaweza kuuacha mkono."

Mkono wa kulia. Wa kuchuma, wa kukanda, wa kumsuka mtoto. Kuanzia hapo sikulala kama watu wanavyolala. Nilikuwa napeleka macho pale kwenye mstari kila nikifumbua. Kama uko hapo sasa, sitakudanganya kwamba utazoea. Ila nitakuambia kilichonisaidia: nilimwomba jirani wa kitanda aniangalizie, ili mimi nipate kufumba macho.

Jirani huyo alikuwa Mama Kananu, kutoka upande wa Tharaka, amevunjika mguu kwa kuanguka na mtungi. Mdomo wake ulikuwa mzima kabisa.

"Bado," ananiambia. "Weusi bado uko pale pale, mvivu kama mume wangu. Lala."

Njeru alifika kutoka Thika na nguo za kazi. Mama yangu naye akateremka kutoka Kibugu na sufuria ya mukimo imefungwa kwenye shuka. Walikutana na Mzee pale nje ya wodi, kwenye benchi, na kwa sababu dirisha lilikuwa wazi nilisikia yote.

"Mimi nilisema," mama yangu akaanza. "Nilisema huko chini hakuna watu, kuna mbuzi na nyoka. Mtoto wangu amechuma chai miaka yote hajaumwa hata na siafu!"

"Baba, wewe ulikuwa wapi?" Njeru akauliza. Sauti yake sikuipenda. "Wewe unayajua hayo marundo. Huyu ni mtu wa juu, atajua aje? Hukumwambia?"

Mama Kananu kitandani kwake alikuwa anakoroma.

"Nilisema," Mzee akajibu.

"Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia mbwa."

Hakuna aliyecheka. Njeru alijua maana yake, na mama yangu pia alijua, maana nthoni iko hata Kibugu. Mzee akaendelea, pole pole. "Nilimwona akitoka bila fimbo. Nikasema nisimpigie kelele mke wa mwanangu. Nikampigia mbwa. Mama yenu angekuwepo, angemwambia. Nilipaswa kumwambia mimi. Kama mkono ukienda, umeenda kwa sababu ya adabu yangu."

Basi nikaanza kucheka, mimi mwenyewe, kitandani. Kilikuwa kicheko cha homa, kilinitikisa mpaka mkono ukawaka moto. Waliingia mbio wakidhani nimeanza kuzidiwa.

"Baba," nikasema, "hata mimi nilidhani ni mbwa."

Alisimama pale mlangoni, kofia mkononi, machozi yanashuka kwenye ndevu. Tangu siku hiyo hakunipitishia tena neno kwa Polisi.

Njeru alirudi kazini, kwa sababu lazima mtu afanye kazi. Mama alimchukua Gicuku akampeleka Kibugu. Aliyebaki wa kuja saa ya kuona wagonjwa alikuwa Mzee, na aliyebaki wa kunilisha alikuwa yeye pia, maana mkono wa kushoto ulikuwa na mpira wa maji. Alileta uji wa mtama kwenye chupa ya chai. Siku ya kwanza alishika kijiko kama mtu anayeshika kaa la moto. Alilenga, akanimwagia shingoni.

"Mzee," Mama Kananu akasema, "mdomo uko juu kidogo."

"Naona."

"Baba yako anakupenda," akaniambia. "Wangu hata kwenye harusi yangu hakuja mapema."

"Si baba yangu, ni baba mkwe."

Kijiko kikabaki hewani. Mama Kananu akatutazama, mmoja, mwingine, akavuta shuka lake hadi kidevuni.

"Basi mimi sijaona kitu," akasema. "Na nyinyi wengine, hamjaona kitu. Mlishe, Mzee."

Alinilisha. Na akinilisha alikuwa ananieleza habari za nyoka, kwa sababu utoto wake wote alichunga mbuzi kwenye zile nyika na hakuwa na habari nyingine za kumwambia mwanamke. Alisema swila ukimkaribia anakutemea machoni, anataka upofuke akimbie zake. Bafe hana mbio, kwa hiyo yeye ametegemea kutoonekana. Anachagua mahali panya wanapopita, anakaa, anaweza kukaa hapo mpaka umsahau, na hata harufu yake anaificha, ndiyo maana Polisi alipita. Panya akija anamuuma mara moja na kumwachilia. Halafu anamfuata taratibu na ule ulimi, kwa sababu anajua hatafika mbali.

"Wewe hakuwa anakuwinda," akasema. "Ungemshinda tumbo. Wewe ulimlalia akiwa kazini. Aliogopa."

"Mzee," sauti ya Mama Kananu ikatoka kitanda cha pili, "mbona unamtetea huyo nyoka? Ni shemeji yako?"

"Nasema tu asimchukie. Mtu akiwa na chuki, uji haushuki."

Sitasema niliacha kumchukia yule nyoka hapo hapo. Lakini nilikuwa nikifumba macho namwona akinijia, na baada ya maneno yale nikawa namwona amekaa. Ilikuwa afadhali.

Weusi ulifika kwenye mstari. Uligusa, ukakaa hapo, Mama Kananu akawa haongei mzaha tena, anaangalia tu na kutikisa kichwa kwamba bado. Kisha daktari akabonyeza huku na huku, akasema umesimama. Walinipeleka chumba cha upasuaji wakaondoa nyama iliyokufa pamoja na kidole cha shahada chote. Nilipozinduka, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta kwa macho bandeji inaishia wapi, na mwisho wake ulikuwa mahali ambapo mkono huishia. Mzee alikuwa ameketi kando ya kitanda.

"Wameacha vinne," akasema. "Vinatosha kukamata mtu sikio."

Mvua ya masika ilinyesha mimi nikiwa bado mle ndani. Niliisikia tu kwenye mabati. Hiyo ndiyo sehemu watu hawasimulii, kwa sababu haina nyoka ndani yake. Ni kubadilishwa bandeji. Omba dawa ya maumivu kabla hawajaanza kufungua, usingoje kuulizwa. Harufu ni yako, na itakufanya uone aibu. Wauguzi wameshasikia mbaya zaidi. Kulikuwa na sista mmoja aliyekuwa akiyapasha moto yale maji ya kuoshea kidonda, ili yasinishtue. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mama Kananu, kabla hajaruhusiwa, alinisuka nywele akiwa ameegemea magongo, na kichwa kikawa chepesi kwa wiki nzima. Baadaye wakachukua ngozi ya paja langu wakaipandikiza mkononi. Paja liliuma kuliko mkono. Hilo hawakuniambia, nakuambia mimi.

Niliporuhusiwa, mama yangu alishinda vita akanipeleka Kibugu. Baridi ya gathano, ile ya katikati ya mwaka, ilinikuta huko, ukungu hauondoki mpaka mchana, na ile ngozi mpya ikipata baridi inakuwa ya samawati na haisikii kitu. Niliuficha mkono ndani ya leso. Wanawake wenzangu wa chai walikuja kuniona, na macho yao yote yalikuwa yanauliza leso.

Siku moja Mzee alitokea, amepanda gari hadi Kianjokoma na kumalizia kwa miguu, na gunia dogo la ndengu begani. Alikuwa amevaa koti, na ndani ya koti sweta yangu ya maua.

Mama yangu alimtazama kutoka mlangoni kwa muda. Alikuwa hajamsemesha tangu lile benchi. "Baba Njeru," akasema, "hiyo sweta ni ya kike."

"Baridi yenu haikuuliza."

Mama akaingia ndani akatoka na chai ya maziwa kikombe kikubwa, ile ya wageni. Yaliisha hivyo.

Zile ndengu hazikuwa za kupika. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alikuwa amesema nishike vitu vidogo, nifinye soksi iliyoviringishwa, nifungue na kufunga. Mzee alisikia. Alimwaga ndengu kwenye ungo, akaniambia nitoe mawe, mimi peke yangu, kwa mkono wa kulia. Kidole gumba kilikuwa kimekauka kama mpini. Nilikuwa nikilenga jiwe nachukua ndengu, nikilenga ndengu naangusha zote mbili. Nililia juu ya ule ungo. Yeye alikaa kando akiongea na mama kuhusu bei ya majani chai, hakunitazama hata mara moja, na nilijua kwamba anaona kila kitu.

Nilirudi chini ya Karurumo kabla ya kupanda. Hapo ndipo nilipopata ugonjwa mwingine, ambao hauna dawa ya mshipa: kila nilichofanya nilisifiwa. Nikishika kikombe, "Mungu ni mwema!" Nikifagia, "Aki Mama Gicuku, wewe ni jasiri!" Kanisani nilipoinua mkono kuimba, watu walitokwa na machozi. Njeru alikuwa akija anashika ule mkono kama yai, akinitangulia kubeba sufuria. Walinipenda wote, na sina lawama. Lakini mtu akisifiwa kwa kushika kikombe anajua amehesabiwa wapi. Nilikuwa na mkono, daktari aliuacha, mstari haukupitwa, na bado ulikuwa si wangu. Ulikuwa wa kutazamwa na watu.

Jumamosi moja, vuli imeshaanza, Mzee alitoka nyumbani kwake na beseni, sabuni na wembe. Akaweka kigoda uani, akakaa, akafunga taulo shingoni. Ndevu zake alikuwa akinyolewa na mama mkwe, na baada yake alimngoja Njeru mwisho wa mwezi. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imeanza kutetemeka.

"Wawira, ninyoe. Kesho kuna ubatizo, sitaki kwenda kama mbuzi."

Nilimtazama nikidhani anatania. "Baba, mimi nina vidole vinne."

"Na mimi nina mashavu mawili. Hatushindani."

"Na nthoni je?"

"Nthoni ilianguka kwenye pikipiki," akasema. "Hakuna aliyerudi kuiokota. Maji yanapoa."

Nikaushika ule wembe kati ya gumba na kidole cha kati. Kwa mkono wa kushoto nikavuta ngozi ya shavu lake, ambayo ilikuwa nyepesi na yenye joto. Yeye alifumba macho, akainua kidevu, akaniachia koo lake lote, na akaanza kunieleza habari za mbuzi mmoja aliyekonda, kana kwamba anayemnyoa ni yule yule wa siku zote. Nilinyoa shavu moja. Nikasuuza. Nikanyoa la pili, nikapita juu ya mdomo, nikashuka shingoni taratibu, pumzi nimeishika. Hakutoka damu hata tone. Nilipomaliza nikafuta povu na taulo, nikarudi nyuma, na nakiri nilikuwa nangoja kusifiwa kama nilivyozoea.

Mzee akapitisha kiganja usoni. Shavu, shavu, mdomo, kidevu. Kiganja kikasimama. Akakunja uso.

"Sasa hii ni kazi gani?" akasema. "Umebakisha hapa chini yote. Unataka watu waseme nimelelewa wapi?"

Nilisimama pale na beseni. Tangu ndengu zile hakuna mtu aliyekuwa ameulalamikia mkono wangu.

"Inua kidevu basi," nikamwambia, "na uache kuongea."

Akainua. Nikachovya wembe kwenye maji, nikarudia.